Malele Maabarani: Istilahi Hazitungwi Mezani

Imerudiwa mno, katika mijadala ya istilahi, kauli kwamba Kiswahili hakiwezi kuingia maabarani pasipo kwanza kuundiwa maelfu ya maneno. Kauli hiyo huwa na nguvu maadamu anayeitoa hajaulizwa ni kazi gani hasa ifanywayo humo. Na ichukuliwe kazi moja tu: kutambua kemikali zilizomo katika likeni, yale magamba ya kijivu au manjano yashikayo magome na mawe, ambayo kwa hakika ni kuvu na mwani vinavyoishi pamoja kama kiumbe kimoja.

Likeni nyingi hufanana kwa macho, zikatofautiana kwa kemikali. Mnamo 1866 William Nylander, mtaalamu wa Kifini, alieleza jinsi ya kuzidondoshea hidroksidi ya potasiamu au hipokloriti, kisha kutazama rangi inayojitokeza. Penye asidi ya lekanoriki, hipokloriti huleta wekundu papo hapo. Katika miaka ya 1930 Mjapani Yasuhiko Asahina akaongeza kitendanishi kingine.

Rangi pekee haitoshi, ndiposa pakaja kromatografia, ambayo Chicita Culberson na Hörður Kristinsson waliisanifisha mwaka 1970 kwa ajili ya likeni. Kipande kidogo huchovywa katika asetoni. Tone la maji yake hutiwa karibu na ukingo wa chini wa bamba lililopakwa silika, na bamba likasimamishwa ndani ya kiyeyushi kichache. Kiyeyushi hupanda, kikizibeba kemikali, na kila moja huachwa kimo chake. Bamba hukaushwa, humulikwa kwa miali ya urujuanimno, hunyunyiziwa asidi ya salfuriki, kisha hupashwa moto hadi madoa yapate rangi. Madoa hayo hulinganishwa na ya kemikali zinazojulikana, mathalani atranorini.

Katika maelezo hayo, maneno ya kigeni ni majina ya vitu, na mengi ya hayo ni wageni hata katika Kiingereza, kwani asili yake ni Kiyunani na Kilatini. Vitenzi vibebavyo kazi yenyewe, kudondosha, kuchovya, kukausha, kunyunyizia, hakuna aliyekaa kikao kuviunda.

Isitoshe, lugha hii iliwahi kuifahamu likeni kwa faida yake. Katika karne ya 19 likeni za jenasi ya Roccella zilikusanywa katika pwani ya Afrika Mashariki na kusafirishwa kupitia Zanzibar hadi Ulaya, zitolewe rangi ya zambarau ya kutilia nguo. Waswahili waliziita malele, au marere, na kamusi za kale zimelihifadhi jina hilo. Watia rangi waliziloweka katika amonia kwa majuma kadhaa. Kemikali walizozitegemea ni za jamii ile ile igeukayo nyekundu chini ya tone la hipokloriti. Biashara hiyo ilififia baada ya rangi za viwandani kuzuka kuanzia 1856, na neno likafifia nayo.

Si busara kulinyoosha neno malele hadi lifunike likeni zote. Yatosha Roccella irudishiwe jina lake, na kundi zima liitwe likeni. Lakini mwanaisimu atakayepanga istilahi za taaluma hii bila kupekua kamusi za kale, wala kusimama alasiri moja kando ya bamba la silika pamoja na wanabotania, atakuwa akitaja vitu asivyoviona.