Mbona bustani ya chuo ina kufuli?

Wasee, kabla mniulize nauli nilitoa wapi: alilipa anti. Sasa tuendelee.

Mwezi wa tatu nilikuwa Massachusetts, Marekani, kwa huyo anti anayeishi Worcester. Kama una mtu wa familia upande ule, kuna uwezekano yuko hapo ama Lowell, anafanya kazi ya kuangalia wazee. Jumamosi moja alichoka kuniona nimelala na simu. "We mtoto utaota mizizi kwa hiyo kochi," akasema, akanibeba kwa gari kama saa moja hivi hadi mji unaitwa Northampton, tukaone maua. Nilidhani ni utani. Theluji ilikuwa bado imerundikana kando ya barabara. Maua gani?

Kumbe yako ndani ya chuo. Smith College ni chuo cha wanawake, kilifungua 1875 na wanafunzi 14, na tangu 1895 kina nyumba ya vioo ya mimea inaitwa Lyman. Ukifungua mlango, joto linakupiga kama umeshuka basi Mombasa. Kamera yangu ilijaa mvuke hapo hapo, ndiyo maana nusu ya zile video mnaziona kama ziliwekwa sufuria.

Mlangoni hakuna mtu aliniuliza kitambulisho. Hilo liwekeni kando, nitalirudia.

Machi ndiyo wana maonyesho ya tulipu, dafodili na wenzake, yale maua yanayotoka kwa kitunguu. Ujanja wao ni huu: vile vitunguu vinawekwa kwa baridi wiki nyingi, halafu vinaletwa kwa joto. Mmea unaamini baridi ya mwaka imeisha, unachanua. Yaani maua yanachezwa na akili, na yanatoka poa sana. Anti alipiga picha mia moja hivi, zote na yeye ndani.

Lakini mimi nilikwama chumba kingine, cha mimea ya nchi za joto. Migomba. Kakao. Na mti wa kahawa, manze, kwa chungu, na kibao chake kidogo cha jina la Kilatini na kwao ni wapi. Wazungu wamesimama wanaupiga picha kama ni twiga. Mimi nimekua nikitumwa kwa cucu Murang'a kila Disemba kuchuma hiyo kitu, nikihesabu madebe na kuichukia. Nilimuuliza msichana mmoja mwanafunzi aliyekuwa hapo, akaniambia kahawa iko familia moja na ule mti unaotoa kwinini, dawa ya zamani ya malaria. Akanionyesha jinsi majani yanatoka mawili mawili yakitazamana, na kitu kidogo katikati pale yanapokutana na tawi. Dakika tano. Nimechuma kahawa miaka kumi na sikuwahi kukiona.

Sasa wanaonijua wanajua niliacha chuo mwaka wa pili. Wasichojua ni kwamba kozi yenyewe ilikuwa ya mimea. Mwaka mmoja na nusu nikisoma majani kwa fotokopi ya fotokopi, picha imekuwa nyeusi mpaka hujui kama ni jani ama ni alama ya kiatu. Na nyuma ya idara yetu kulikuwa na bustani! Ilikuwa na waya, geti na kufuli. Niliiona ikifunguliwa mara moja, siku ya mahafali, watu wapigwe picha na kofia zao.

Sisemi ningebaki kama ningeshika jani. Karo ndiyo ilinitoa, tusidanganyane. Ila mtu akiniuliza leo niliacha nini pale, ukweli ni kwamba sikuwa nimepata kitu cha kukosa.

Kule Smith nyumba ya vioo ilikuwa darasa tangu mwanzo. Profesa wao wa botania wa miaka ile, William Ganong, alitoa kitabu 1901 cha kufundisha jinsi mmea unavyofanya kazi kwa kupima na kujaribu mwenyewe. Hadi leo, Novemba, wanafunzi wanaonyesha maua ya krisanthemamu waliyozalisha kwa mikono yao, na wageni wanapigia kura lile wamependa.

Najua mtasema pesa. Kweli, kile chuo kina akiba ya zaidi ya dola bilioni 2, na karo yake ni zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka, mimi hata geti nisingeliona kama mwanafunzi. Lakini fikirini kidogo. Pesa nyingi pale inaenda kwa vioo na kupasha joto, ndiyo mgomba usife na theluji. Mgomba! Sisi kitu wananunulia joto kinaota nyuma ya jikoni ya cucu bila kuombwa. Hatuhitaji kioo hata kimoja. Tunahitaji vibao, rangi, na mtu anayejua kueleza.

Hoja ya usalama naielewa. Tangu Garissa 2015 hakuna mtu anafaa kucheza na geti la chuo, na mimi sitaki lifunguliwe ovyo. Lakini kuacha kitambulisho kwa soja na kukaguliwa begi tunafanya kila siku tukiingia maofisi ya mjini. Jumamosi moja kwa mwezi, mtoto wa mtaa aingie na mamake, aambiwe mti huu unaitwa nini. Ni nini kitaibiwa, kivuli?

Tukirudi kwa anti jioni niliona kitu dirishani kwake, kimaua cha zambarau kwa kikopo. Alikinunua supamaketi, wao wanakiita urujuani wa Afrika. Nikakitafuta kwa simu. Mzungu mmoja alikitoa milima ya Usambara 1892, akakituma kwao Ujerumani, na sasa kiko kwa madirisha ya dunia nzima. Kina ndugu yake ambaye porini anamea msitu wa Mbololo tu, huko Taita. Anti alishangaa. "Si ungeniambia nilete udongo wa nyumbani," akasema, akakimwagilia maji.

Niliporudi Nairobi nilipitia chuo changu cha zamani. Soja akataka kitambulisho cha mwanafunzi, sina. Nikamwambia nataka kuona bustani. Akacheka, si kwa ubaya. "Buda, hiyo hata mimi sijawahi kuingia."

Mliobaki chuo, nina ombi. Kesho tafuta mti mmoja wenye kibao hapo kampasi yenu, unitumie picha. Kama hauna kibao, nitumie picha ya mti tu, tutautafutia jina hapa.