Nani Alipe Usiku wa Dereva?

Shaba inayotoka Kolwezi, kusini mwa Kongo, hailali peke yake njiani. Tangu mabamba yanapofungwa kwa mikanda ya chuma na kupangwa juu ya tela, hadi yanaposhushwa Dar es Salaam, Beira, Walvis Bay au Durban, kuna mtu analala nayo. Chumba chake ni kebini ya lori: viti viwili, kitanda chembamba nyuma ya viti, pazia la kuzuia mwanga wa alfajiri, ndoo ya maji, jiko dogo la gesi, na sanduku la sufuria na unga lililofungwa ubavuni mwa tela. Madereva wengi wa Kitanzania, Kizambia na Kikongo wanaofanya kazi katika njia hii huishi humo sehemu kubwa ya mwaka. Huko Mbeya, Tunduma au Mbagala wana nyumba, wengine wamezijenga tofali kwa tofali kwa fedha za safari hizihizi. Nyumba hizo wanazitembelea tu.

Mwaka 2017 mwandishi wa Marekani Jessica Bruder alichapisha kitabu kiitwacho Nomadland, kuhusu wazee wa nchini kwake waliohamia ndani ya magari baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008 kuwanyang'anya nyumba na akiba. Filamu iliyotokana nacho ilipata Oscar mwaka 2021. Huko watu wanabishana: anayehama nyumba akaishi garini amejikomboa au amefukuzwa na umaskini? Ubishi huo una maana, kwa sababu pande zote mbili zina mashahidi. Katika mkanda wa shaba wa Lualaba, mkoa wa Kolwezi, ubishi haujaanza, kwa kuwa dereva wa lori hahesabiwi kama mtu anayeishi garini. Anahesabiwa kuwa yuko safarini. Lakini mtu anayekaa wiki nzima au zaidi mahali pamoja, akipika, akifua, akiugua na kupona hapohapo, hasafiri. Anaishi. Na popote anapoishi mfanyakazi kwa sababu ya kazi, lazima tuulize nani anagharimia makazi hayo.

Tuanze na barabara. Kutoka Kolwezi hadi mpaka wa Kasumbalesa, kupitia Likasi na Lubumbashi, ni takribani kilomita 400. Kutoka Kasumbalesa hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 2,000. Lori linalotembea vizuri lingemaliza njia hiyo ndani ya wiki moja. Siku zinazozidi hapo ni za kusubiri. Dereva anasubiri nje ya geti la mgodi zamu ya kupakia. Anasubiri karatasi za idara ya migodi, za CEEC inayothibitisha madini, za OCC inayokagua bidhaa, za DGDA ambayo ndiyo forodha. Anasubiri mizani. Anafika Kasumbalesa, na mara nyingi mkia wa foleni anaukuta mbali sana na mpaka wenyewe. Akishavuka Zambia, bado yako mambo ya mpaka wa Nakonde na Tunduma, wa kuingia Tanzania, ingawa huko kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Oktoba 2019 kilikusudiwa kupunguza mzunguko wa karatasi.

Juu ya kusubiri huku kwa kila siku huja kusubiri kwa dharura. Mei 2020 Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa sababu ya korona, na madereva wakawa watu wa kuogopwa katika kila mji waliopita. Agosti 2024 Zambia ilifunga Kasumbalesa kwa siku kadhaa, baada ya Kongo kuzuia vinywaji vya kutoka nje na wasafirishaji kuandamana. Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti kwenda nje ili kuinua bei iliyokuwa imeporomoka, ikaongeza muda Juni, na kufikia Oktoba ikaweka mfumo wa mgawo. Sitaki kusema hatua hizo zilikuwa za kijinga. Nchi inayotoa zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti ya dunia ina haki ya kulinda bei yake. Ninachosema ni kwamba kila uamuzi wa namna hiyo una gharama, na sehemu yake hulipwa kwa usiku wa watu ambao hawakuitwa kwenye kikao.

Wanalipaje? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Dereva wa safari ndefu katika njia hizi kwa kawaida hupewa posho ya safari: kiasi kilichopangwa kwa ajili ya kwenda na kurudi, kiwe cha siku 15 au 40. Chakula, maji ya kuoga, choo cha kulipia, mlinzi wa usiku wa kuangalia matairi na tangi la mafuta, vyote vinatoka humo. Foleni ikirefuka, posho inayeyuka. Mwenye lori naye anaumia, hasa kama ana mkopo wa benki, lakini yeye mara nyingi ana kifungu katika mkataba kinachomruhusu kumtoza mwenye mzigo gari linaposimama kupita siku zilizokubaliwa. Fedha hiyo ikilipwa hulipwa kwa ajili ya gari. Chuma kina bei ya kusimama. Aliyelala ndani ya chuma hana.

Matokeo yake ni kwamba foleni ni rahisi kwa wale wanaoisababisha. Mgodi unaoita malori 60 wakati una uwezo wa kupakia 20 haupati hasara kubwa. Umejipatia akiba ya malori nje ya geti, na walinzi wake bila mshahara. Ofisi inayofunga dirisha mapema haipokei ankara. Dereva amegeuzwa ghala la bure. Na ghala hili lina thamani kubwa: kwa bei ya wastani ya mwaka 2024, iliyozidi dola 9,000 kwa tani, lori lenye tani 30 za shaba limebeba zaidi ya dola 270,000. Tuseme dereva angelipwa dola 20 kwa kila usiku wa kusubiri, na akasubiri siku 10. Hizo ni dola 200, yaani chini ya dola 1 katika kila dola 1,000 za mzigo. Anayesema kwamba malipo hayo yangeiua biashara ya shaba na atuonyeshe hesabu yake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba migodi ya Katanga, jina la zamani la eneo hili, iliwahi kulijua somo hili. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa 1906, ilianza kwa kukusanya vibarua wa muda mfupi na kuwalaza katika mabanda. Walikufa kwa maradhi, walitoroka, na kila mara ilibidi kutafuta wengine mbali zaidi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikabadili mwendo: mikataba ya miaka mitatu, ruhusa ya kuja na mke na watoto, nyumba katika kambi, posho ya chakula, zahanati, shule. Haikufanya hivyo kwa huruma. Ulikuwa utawala wa kikoloni, na kambi zilikuwa na polisi wake na amri zake. Ilifanya hivyo kwa sababu mahesabu yalionyesha kwamba mtu anayelala vizuri na watu wake anatoa shaba nyingi zaidi. Nyumba ikaingia kwenye gharama ya uzalishaji. Kolwezi yenyewe, iliyoanzishwa 1937, ilijengwa juu ya fikra hiyo, na shirika la serikali, Gécamines, likairithi fikra hiyo kampuni ilipotaifishwa mwishoni mwa miaka ya 1960.

Shaba ya zama zile ilisafiri kwa reli. Ilikwenda Beira kwa reli ya kusini, ikaenda Lobito kwa reli ya Benguela iliyoungana na Katanga 1931. Behewa likisimama siku tatu kituoni, hakuna baba wa watu aliyelazimika kulala ndani yake. Vita vya Angola vilipoanza 1975 njia ya Lobito ikakatika. Kisha Gécamines ikaporomoka, mgodi wake wa Kamoto ukabomoka 1990, na reli ya SNCC, shirika la reli la Kongo, ikachakaa. Miaka ya 2000 kampuni za kigeni zilipofika na mitambo mipya, zilikuta barabara, zikaita malori. Kazi ya kuhifadhi na kulinda mzigo njiani, iliyokuwa ya shirika la reli, ikahamia mabegani mwa mtu mmoja aliyeajiriwa na mkandarasi wa mkandarasi. Ndani ya uzio wa migodi mikubwa leo utakuta vyumba vyenye viyoyozi, bwalo na kliniki. Nje ya geti, mita chache tu, anasubiri mtu ambaye bila yeye shaba hiyo ingebaki kuwa rundo.

Wakazi wa Kolwezi nao wana kisa chao na nyumba. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, mkazi mmoja aliyekuwa akichimba nyumbani kwake alikutana na madini yenye kobalti, na haukupita muda mrefu mtaa mzima ukawa mashimo, mengine yakianzia ndani ya vyumba vya kulala. Mwaka 2017 sehemu yake ilihamishwa watu, ikazungushiwa ukuta na kuwa eneo la uchimbaji. Septemba 2023 Amnesty International, pamoja na shirika la Kikongo la IBGDH, ilieleza jinsi upanuzi wa migodi ulivyokuwa ukiwang'oa watu katika makazi yao, pakiwemo Cité Gécamines, mtaa uleule uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa shaba. Siyaweki mambo haya mawili katika kapu moja. Anayebomolewa nyumba ana dai zito kuliko la dereva. Lakini yote mawili yanatoka katika tabia moja ya tasnia hii: kuhesabu gharama ya kila kitu isipokuwa mahali pa mtu pa kulala.

Wapo wanaopendekeza vituo vya mapumziko: maegesho yenye uzio, bafu, choo, kliniki. Kazi kama hiyo imekwisha kuonyeshwa. Shirika la North Star Alliance, lililoanzishwa 2006, limekuwa likiweka kliniki ndani ya makontena mipakani na katika vituo vya malori, Afrika Mashariki na Kusini. Naunga mkono, bila masharti, bafu na kliniki. Mtu mwenye shinikizo la damu hawezi kuambiwa asubiri sera. Hofu yangu ni kwamba kituo kizuri kikijengwa peke yake kitaifanya foleni ivumilike, na kinachovumilika hakiondolewi. Kitageuka kambi ya tatu, baada ya ile ya Union Minière na ile ya Gécamines, safari hii bila mke, bila watoto na bila shule.

Kwa hiyo malipo yatangulie. Usiku wa kusubiri ukiwa na bei inayomfikia anayeita malori mengi kupita kiasi, ataita machache. Naelewa pingamizi la wenye malori kwamba madereva watajichelewesha makusudi. Lakini saa ya kufika getini inaandikwa tayari, saa ya kuingia maegesho ya mpakani inaandikwa, na malori mengi yana kifaa kinachoonyesha yalipo kila dakika. Ushahidi ule unaotumika leo kumkata dereva fedha ya mafuta unaweza pia kumlipa.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwingine. Foleni ya Kasumbalesa inalisha watu. Wapo akina mama wanaouza bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kando ya matairi, vijana wanaochota maji na kuchaji simu, walinzi wa usiku, wabadilisha fedha. Wengi wao wana watoto shuleni kwa sababu dereva fulani ameshindwa kuvuka. Foleni ikiisha ghafla, hawa ndio watakaolala njaa wa kwanza, na hakuna kampuni itakayowalipa fidia. Sina jibu la kumtosha mama huyo. Najua tu kwamba kipato kinachotegemea mtu mwingine akwame hakina mizizi, na kwamba vituo vya mapumziko, kama vitajengwa, vibanda vyake vya chakula vipewe hao walioko barabarani sasa na visiende kwa mzabuni wa mjini.

Tena wapo madereva wanaoipenda kazi hii, na si haki kuwasemea kana kwamba wote ni wafungwa. Barabara imewapa viwanja na ada za shule, imewafundisha lugha na nchi, na wanajivunia kufikisha mzigo salama. Hawa hawajaomba kutolewa kwenye lori. Tanzania iliona walichoomba Aprili na Mei 2015, madereva wa mabasi na malori walipogoma: miongoni mwa madai yao kulikuwa na mikataba ya ajira. Walitaka kutambuliwa kama wafanyakazi.

Reli itapunguza tatizo, lakini haitalimaliza. Kampuni ya Lobito Atlantic Railway ilichukua njia ya Angola mwaka 2023, na mwishoni mwa Desemba mwaka huohuo shaba ya majaribio ya Kamoa-Kakula ilitoka Kolwezi na kufika Lobito kwa siku 8. TAZARA nayo imepata ahadi ya China ya kuikarabati. Hata hivyo uzalishaji wa shaba Kongo unaongezeka haraka kuliko mabehewa, na tindikali, salfa, chokaa na mitambo inayoingia migodini itaendelea kuja kwa barabara kwa miaka mingi.

Serikali za Kongo, Zambia na Tanzania zikisubiriwa zikubaliane, dereva ataendelea kusubiri nazo. Pa kuanzia ni geti la mgodi, Kolwezi na mji wa migodi wa Fungurume, kwa sababu hapo mwenye geti ndiye mwenye mzigo na ndiye anayetoa zabuni ya usafiri. Soko la Metali la London tayari linawataka wazalishaji wanaouza humo waonyeshe kwamba madini yao yamepatikana kwa njia inayoheshimu haki za watu. Wakaguzi wanaokuja kwa ajili hiyo wangeweza kuuliza pia saa za foleni na nani amezilipa. Kifungu kinachohitajika katika mkataba wa usafiri hakizidi mistari mitatu: saa zianze kuhesabiwa dereva anapoandikishwa getini, baada ya siku moja kila usiku ulipiwe, na fedha hiyo itumwe katika simu ya dereva mwenyewe, isipitie kwa mkandarasi.