Bingwa Darasani, Bubu Barazani

Kwa muda mrefu walimu wa Kitale na Bungoma tumeusifu ukimya wa mwanafunzi mwerevu, tukiuita adabu. Nami nimo. Mwanafunzi wangu mmoja mjini Kitale, bingwa wa hisabati aliyekula peke yake miaka minne, aliitwa Bungoma kuhojiwa kuhusu ufadhili wa masomo. Alipoombwa aeleze habari za kwao, aliinamia viatu vyake akajibu, "Nzuri." Basi. Ufadhili ukampita. Nilikuwa nimemfundisha milinganyo. Kumtazama mtu na kumrudishia swali sikumfundisha hata siku moja.

Si ajabu. Katika KCSE, mtihani ulioanza 1989, hata stadi za kuzungumza Kiingereza hupimwa kwa kalamu! Mtaala wa umilisi umetaja mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi wa kimsingi, ila kutaja si kufundisha.

Wako wanaodhani dawa ni kumsukuma mtoto huyo jukwaani kwenye mdahalo. La hasha! Huko atazidi kunywea (mimi mwenyewe hutetemeka huko). Heri apewe jukumu dogo: kumfafanulia jirani hesabu moja, au kuwapokea wageni siku ya wazazi. Tena aelezwe waziwazi, kama aelezwavyo kanuni, namna ya kuingia katika mazungumzo, kungoja zamu na kupinga bila kukejeli. Wenzake nao wakanywe wasimcheke.

Muhula huu nimetenga dakika kumi kila Ijumaa, wanafunzi wawili wawili wakiulizana habari za nyumbani. Ijumaa ya kwanza nilisikia viti tu vikilia.