Rumba ni ya wanaocheza, si ya wenye baa

Ndugu wasikilizaji wa Kalemie, nanyi jamaa mliokimbia vita mkafika hapa Katanika, kuna maneno mawili yanayozunguka mtaani. La kwanza: rumba ni ya Kinshasa, ya nganda zenye taa na spika kubwa, vijana wanaopiga magitaa ya kujitengenezea kwenye vibanda vya wakimbizi wanapiga kelele tu. La pili: mkimbizi anayecheza muziki hana njaa. Yote mawili nayakataa.

Rumba inajulikana kwa nini? Si kwa lugha, maana inaimbwa kwa Kilingala, inaimbwa pia kwa Kiswahili. Inajulikana kwa mahali ilipokulia, yaani pale watu wanapocheza. OK Jazz ya Franco ilizaliwa mwaka 1956 katika baa moja ya Léopoldville, na jina ikachukua kwa baa ile. Wanamuziki walipiga huku wakitazama miguu ya watu. Ndiyo sababu wimbo una sehemu mbili: kwanza mwimbaji anaeleza habari yake polepole, watu wameshikana, kisha anaachia magitaa, seben inaingia, na viti vinabaki vitupu.

Basi kama mchezaji ndiye anayeifanya rumba iwe rumba, baa ilikuwa uwanja tu. Vumbi la Katanika nalo ni uwanja. Orchestra Maquis ilitoka huku kwetu Katanga ikaenda kuchezesha watu Dar es Salaam miaka ya 1970, bila kuomba ruhusa Kinshasa. Na UNESCO ilipoiandika rumba mwaka 2021, iliiandika kuwa urithi wa Kongo zote mbili, si wa mji mmoja.

Neno la pili ndilo linaloumiza, hasa likisemwa na watu wanaoandika orodha za msaada. Mama aliyekimbia Nyunzu au Manono akicheza Jumamosi jioni, Jumapili asubuhi bado atatafuta maji na unga. Kwenye matanga tunaimba na kucheza usiku kucha. Nani amewahi kumwambia mfiwa kwamba hana uchungu kwa sababu alicheza?

Waacheni vijana wapige. Na anayetaka kujua njaa ya Katanika aje mchana, afunue masufuria, asihesabu wachezaji.