Kunusurika Katika Bahari ya Baridi: Si Muujiza Mtupu

Kila baharia anapookolewa akiwa hai katika bahari ya baridi kali, watu hulikimbilia neno moja: muujiza. Neno hilo lafaa kwa shukrani, lakini halifai kwa mafunzo. Likikubaliwa bila kuhojiwa, aliyepona huonekana mwenye bahati, aliyekufa husemwa kuwa siku zake zilikuwa zimetimia, na hakuna anayejifunza lolote.

Kisa cha Tony Bullimore, baharia wa Uingereza, chastahili kutazamwa kwa jicho la tiba. Tarehe 5 Januari 1997, alipokuwa peke yake katika mashindano ya Vendée Globe ya kuizunguka dunia kwa tanga, mkuku wa mashua yake ulivunjika katika dhoruba ya Bahari ya Kusini. Mashua ikapinduka, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka pwani ya Australia. Kwa siku nne alikaa gizani ndani yake, akipumua hewa iliyobaki juu ya maji. Wengi walikwisha kumhesabu miongoni mwa wafu. Tarehe 9 Januari manowari ya Australia, HMAS Adelaide, ilifika. Waokoaji walipougonga ubavu wa mashua, alipiga mbizi akatokea nje.

Kilichomwokoa chaweza kuelezwa. Alivaa suti ya kujikinga na baridi, akajitafutia mahali pa kujiinua juu ya maji. Maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 zaidi ya hewa tulivu yenye baridi ile ile. Hivyo kila sehemu ya mwili iliyotoka majini ilimwongezea muda. Tena hakuiacha mashua. Katika mashindano ya Fastnet ya mwaka 1979, ambapo dhoruba iliua washindani 15, mashua nyingi zilizotelekezwa zilikutwa baadaye zikiwa bado zinaelea.

Wengi hudhani kwamba baridi huua polepole tu, kwa kushusha joto la mwili. Sivyo. Hatari ya kwanza huja katika dakika za mwanzo: ngozi ikikutana ghafla na maji baridi, mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na moyo huenda mbio. Pumzi moja ikivutwa kichwa kikiwa chini ya maji yaweza kumzamisha. Kisha misuli ya mikono na miguu hulegea, hata mwogeleaji hodari akashindwa. Joto la ndani la mtu mzima kushuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi kwa kawaida huchukua nusu saa au zaidi, hata katika maji yanayokaribia kuganda. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Tiba yamtaka aache. Ashike kinachoelea, atulie hadi pumzi irudi, ndipo aamue la kufanya.

Ni kweli kwamba bahati ina sehemu yake. Gerry Roufs wa Kanada alipotea katika mashindano yayo hayo, Januari hiyo hiyo, na hakuna haki ya kumhukumu kuwa mzembe. Maandalizi hayamhakikishii mtu uhai. Humpa muda, na muda ndio unaomwezesha mwokoaji kumkuta hai.

Wala hatari haiishi mwokoaji anapofika. Wapo wanaozimia na kufa wakati wa kutolewa majini au muda mfupi baadaye, kwa kuwa shinikizo la damu hushuka ghafla. Ndiyo maana mwathirika hupaswa, inapowezekana, kuinuliwa akiwa amelala, kuvuliwa nguo mbichi kwa upole na kufunikwa. Asisuguliwe viungo, asipewe pombe, asilazimishwe kutembea.

Maarifa haya si ya mataifa ya kaskazini peke yake. Vijana wa Afrika Mashariki hufanya kazi katika meli zinazopita bahari hizo, na hata maji ya ziwa la joto, yakiwa chini ya joto la mwili, humpoza mvuvi aliyekesha ndani yake. Tahadhari kabla ya hatari: somo hili lifundishwe katika vyuo vya ubaharia, lifike katika mialo ya wavuvi na zahanati za pwani. Muujiza hauwezi kufundishwa. Dakika za mwanzo majini zaweza.