Hanang haikulipuka

Mwandishi wa makala moja niliyoisoma anashikilia kwamba Mlima Hanang ulilipuka tarehe 3 Desemba 2023, na kwa hiyo maangamizi ya mji wa Katesh, chini ya mlima huo, hayakuwa na kinga. Amejitua mzigo upesi mno!

Volkano ikilipuka hutoa moto, ndugu yangu. Katesh ilizikwa na tope baridi, mawe na magogo. Wataalamu wa jiolojia walipanda wakatazama: hapakuwa na mlipuko. Mvua kubwa ililowesha miamba laini ya mteremko, kipande kikameguka, maji yakakisukuma korongoni hadi mjini. Zaidi ya watu 80 wakafa. Ndiyo, Hanang ni volkano, lakini iliyozimika zamani. Kuisingizia mlipuko ni kumshtaki marehemu kwa wizi wa jana.

Na hili dai lake la "hakuna aliyeweza kujua"? Makorongo ya mlimani hayakuchimbwa siku ile. Yamekuwa yakishusha maji na mchanga miaka yote, na kandokando yake tumejenga nyumba na vibanda vya biashara kana kwamba maji yametia saini kuhama.

Tena anadai eti wakulima wetu hawajui kutunza ardhi. Aende Kainam, Mbulu, akaone Wairaqw walivyolima miteremko mikali kwa vizazi, kwa matuta, samadi na mifereji ya kuongoza maji. Kisha atuambie nani hajui: yule mkulima, au aliyeidhinisha viwanja ukingoni mwa korongo?