Shilingi elfu sitini za Idi, na deni langu kwenu

Idi ya kuchinja imekaribia, na mwaka huu inatukuta katika majira ya baridi. Anayeishi Moshi mjini, Majengo au Njoro, atatoka kwenda kuswali na baibui jepesi, na ikifika saa nne huenda jua likamtafuta. Ndugu yake aliye Machame au Kibosho ataamka ukungu ukiwa umetanda juu ya migomba, na njia ya kwendea uwanjani ni tope. Vazi linalomfaa mmoja halimfai mwingine, ingawa wote wawili hununua katika maduka yale yale ya mjini.

Katikati ya Mfungo Mosi nilipata ujumbe wa dada mmoja wa Machame, mama wa watoto watatu. Aliuliza jambo lenye kipimo, nami hupenda maswali yenye kipimo. Baada ya kuwavisha watoto atabakiwa na shilingi elfu sitini kwa mavazi na mapambo yake mwenyewe. Anunue nini?

Mnaijua kanuni ya safu hii. Kitu hununuliwa kwa fedha yangu, huvaliwa, hufuliwa mara tano, ndipo huandikiwa. Kanuni hiyo niliwahi kuikiuka mara moja, na nitalieleza hilo mbele kidogo.

Nilianza na baibui, kwa kuwa ndilo linalomeza fungu kubwa. Dukani nilionyeshwa la shilingi elfu thelathini na mbili, nikaambiwa ni nida halisi. Jina la nida siku hizi limekuwa kama jina la mchele wa Kyela: kila gunia lililoko sokoni ni la Kyela. Nilipolikunja ndani ya ngumi na kuliachia, lilibaki na mikunjo kama karatasi, jambo ambalo nida nzuri haifanyi. Hata hivyo nililinunua, ili niwe na ushahidi. Kufua kwa tatu viwiko vilianza kung'aa. Kufua kwa tano weusi ulikuwa umegeuka hudhurungi mabegani, na mshono wa kwapa umefumuka. Sehemu ya kosa ni yangu, kwa kuwa nilianika juani upande wa nje. Baibui jeusi hugeuzwa ndani nje na kuanikwa kivulini. Lakini la pili nililifua na kulianika vile vile, na halikunifanya hivyo.

Hilo la pili lilishonwa. Nilinunua mita tatu na nusu za kitambaa cheusi kisichong'aa, kila mita shilingi elfu tano, nikampa fundi elfu kumi: jumla 27,500. Dada yangu wa Machame, sikiliza hapa. Nenda kwa fundi ukiwa umevaa sweta. Apime juu ya sweta. Mabaibui mengi ya dukani hukatwa kwa ajili ya joto la Dubai au la Dar es Salaam. Ukivaa sweta ndani yake, kifua kinabana na maungo yanajichora, na ukivaa sweta juu yake unaonekana kama mtu aliyetoka mbio nyumba inaungua. Mwambie fundi pia aache pindo la vidole vinne chini. Tope litalila lile la sasa, nawe mwakani utalishusha jipya.

Watakaouliza habari za dera, jibu langu ni fupi. Ni vazi zuri la nyumbani, jepesi na la bei nafuu. Kabla ya kutoka nalo nje, simama mlangoni jua likiwa nyuma yako, mtu wa nyumbani akutazame. Nimejaribu matatu, na yote matatu yalihitaji gagulo.

Sweta na koti la mvua nilivitafuta Memorial. Asiyelijua soko lile la mitumba si mtu wa Moshi. Wazee wetu waliziita nguo hizi kafa Ulaya, wakidhani mwenyewe amekufa ndipo nguo ikasafiri, na wapo mama zetu ambao mpaka leo huona karaha kuswali nazo. Masheikh wametufundisha kwamba asili ya vitu ni twahara mpaka ionekane najisi, kwa hiyo upande wa sharia pana nafasi. Upande wa afya mimi hufua kwa maji ya moto, huanika mpaka ikauke kabisa, kisha hupiga pasi, mishono ya ndani hasa. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondolewe sokoni ifikapo 2019. Marekani ikabana kwa upande wa biashara, na Rwanda pekee ndiyo iliyoshikilia uamuzi wake. Basi Memorial bado ipo, nasi bado tunainama na kuchagua.

Nenda mapema, siku ambayo belo linafunguliwa. Kijana aliyeniuzia alinishikia sweta akasema, "Mama, hii daraja la kwanza, haijavaliwa." Nikamwambia, "Mwanangu, mbona kola inanukia manukato ya mwenyewe?" Akacheka, akapunguza elfu mbili. Shika sweta ulielekeze kwenye mwanga, matundu ya nondo yatajionyesha. Vuta ncha za mikono, uone kama zinarudi. Soma lebo ya ndani: sufu inatia joto zaidi, ila kwenye ukungu wa Machame itachukua siku tatu kukauka, kwa hiyo mwenye sweta moja tu heri achukue mchanganyiko. Langu lilikuwa shilingi elfu sita, na koti refu la mvua, la kiume, lisilobana, elfu tisa. Yote mawili yamefuliwa mara tano na hayana neno. Mtandio wa pamba ulikuwa elfu sita, na kofia ya ndani elfu mbili. Nimeupendelea wa pamba kwa sababu ule mwepesi wa kuteleza humtaka mtu awe na pini saba, na mama mwenye mtoto mgongoni hana muda wa pini saba.

Mpaka hapo tumetumia 50,500. Yaliyosalia ni ya mapambo, na hapa ndipo penye deni langu.

Mwaka jana, wakati kama huu, niliandika juu ya mikono inayopasuka kwa baridi. Ndani ya makala ile niliweka sentensi mbili za kuisifu losheni moja niliyoinunua kwa mchuuzi, kwamba ilinilainisha mikono kwa juma moja. Ni kweli ilinilainisha. Sikungoja zaidi ya juma hilo, wala sikuuliza kwa nini kitu cha shilingi elfu tatu kifanye kazi upesi kuliko mafuta yote niliyowahi kuyatumia.

Mwezi uliopita alinijia mama kijana, amejifunika uso kwa mtandio, nami nikadhani ni stara tu. Alipoufunua niliona mashavu mekundu, ngozi nyembamba inayoonyesha mishipa, vipele kuzunguka mdomo, na nywele laini zimeota kidevuni. Alikuwa ameipaka usoni miezi mitano. Mwanzoni aling'aa, majirani wakamsifu, akazidisha. Kila alipojaribu kuiacha uso ulimwaka moto, akairudia. Nilimuuliza kama aliisoma lebo kabla ya kuitumia. Akasema kwa adabu, bila kuinua sauti, "Dada, mimi sikusoma lebo. Nilisoma gazeti."

Nilirudi nyumbani nikaitafuta chupa yangu. Haikuwa na jina la kiwanda, wala tarehe ya mwisho wa matumizi, wala orodha ya vilivyomo. Picha ya mwanamke mweupe ilikuwapo. Nilikuwa nayo mezani siku ile naandika, na sikuigeuza. Namwomba radhi mama yule, na kila aliyeinunua kwa neno langu. Zile sentensi mbili nazifuta.

Daktari aliyemwona alimweleza kwamba dalili zake zinafanana na za watu waliotumia steroidi kali, dawa za hospitali ambazo wengine huzichanganya ndani ya vipodozi kwa siri. Dawa hizo hutulia vizuri mikononi mwa daktari, kwa ugonjwa maalumu na kwa muda maalumu. Zikipakwa usoni kila siku huikonda ngozi. Wengine hutia haidrokwinoni, inayoizuia ngozi kutengeneza rangi yake na ambayo ikitumiwa muda mrefu yaweza kuacha madoa meusi ya samawati yasiyotoka kwa urahisi. Wengine hutia zebaki, ambayo hupenya ngozi, huumiza figo, na kwa mwenye mimba humfikia mtoto. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni ni marufuku nchini mwetu, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Dunia nayo, katika Mkataba wa Minamata, iliamua kwamba baada ya 2025 kisitengenezwe kipodozi chochote kinachotiwa zebaki. Lakini mipaka yetu ni mirefu, na chupa ni ndogo.

Kwa hiyo, ukishika chupa yoyote, igeuze. Ikiwa haina orodha ya vilivyomo, irudishe hapo hapo. Ikiwa inayo, tafuta maneno haya kama yalivyochapwa: mercury, calomel, hydroquinone, betamethasone, clobetasol. Mwite mwanao anayesoma sekondari akusaidie, hakuna aibu. Ikiwa inaahidi weupe ndani ya siku saba, huna haja ya kusoma orodha.

Aliyekwisha kuitumia usoni kwa miezi asiiache ghafla peke yake wala asiendelee nayo kwa woga, aende akaonwe. Sisi wa Kilimanjaro tuna bahati ambayo mikoa mingi haina. Hapa KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichoanzishwa katika miaka ya 1990, ambako wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika wamesomea. Ndiko yalikoanzia mafuta ya Kilisun ya kuwakinga na jua ndugu zetu wenye ualbino. Nenda na chupa yenyewe, daktari aione. Yule mama alisindikizwa na mumewe, ambaye hakumlaumu hata kwa neno moja, na hilo limenipa faraja kuliko dawa aliyoandikiwa.

Kwa mikono iliyokauka, nimerudi kwenye mafuta ya nazi na mafuta ya mgando, nikiyapaka ngozi ikiwa bado na unyevunyevu baada ya udhu. Hayana miujiza. Nimeyatumia miezi miwili, viganja havijapasuka.

Hina niliyojaribu ilikuwa ya unga, pakiti shilingi elfu mbili, niliyoikoroga kwa maji ya ndimu na kuilaza usiku mmoja. Ilitoa rangi ya hudhurungi nyekundu iliyodumu siku tisa, na haizuii maji ya udhu. Mnaotaka iwe nyeusi kabisa mtapewa piko, na mara nyingi kinachoitwa piko ni rangi ya nywele. Ina kemikali ambayo kwa baadhi ya watu huchoma ngozi na kuacha kovu lenye umbo lile lile la ua lililochorwa. Msimwekee binti piko kwa sababu ya sikukuu. Rangi ya kucha inayouzwa kwa madai kwamba hupitisha maji niliidondoshea tone juu ya karatasi laini, nikangoja dakika kumi; chini palibaki pakavu. Hukumu yake nawaachia masheikh. Mimi nimeiondoa kabatini.

Wanja wa penseli ni shilingi elfu moja na mia tano. Unafutika ukipata chozi, lakini ulikuwa na jina la kiwanda na orodha ya vilivyomo, nami safari hii nimevisoma. Ule wa unga ndani ya vichupa vidogo visivyo na maandishi nimeuacha. Kujipaka ithmidi kumepokewa katika sunna, na ndiyo sababu tunaupenda. Lakini baadhi ya unga unaouzwa kwa jina hilo una madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Bibi zetu wanaowapaka wajukuu wachanga nyusi na macho tuwaeleze kwa upole, maana wanafanya kwa mapenzi.

Jumla ni shilingi 54,000. Elfu sita zilizobaki, dada yangu, ni nauli yako ya kwenda na kurudi kwa fundi, na zikibaki nunua udi, ufukize nyumbani usiku wa Idi. Fundi mwendee wiki hii, maana wiki ya mwisho hupokea nguo za mji mzima na hushona kwa haraka.

Wiki ijayo, in shaa Allah, viatu vya shule: jozi nne nilizowapa wanangu wapande navyo kutoka barabara kuu mpaka nyumbani kila siku, na ni jozi moja tu ambayo soli yake bado ipo.